Malezi ya Wingilugha Nyumbani: Nafasi ya Lugha za Jamii na Kiswahili katika Familia za Mijini Nchini Kenya

Utangulizi

Mtoto anayezaliwa katika mtaa kama Umoja au Kayole jijini Nairobi huzaliwa katikati ya soko la lugha. Chukua mfano wa mtoto ambaye babaye ni Mluo na mamaye ni Mkamba. Wazazi hawa husemezana kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichowakutanisha. Watoto wa jirani hucheza kwa Sheng, na shule ya chekechea anakopelekwa mtoto huyo hujisifu kwa Kiingereza chake. Kila Desemba familia husafiri hadi Machakos. Huko nyanya, ambaye mtoto amefundishwa kumwita susu, humsemesha mjukuu kwa Kikamba. Mjukuu humtazama mamaye amfasirie. Nyanya hucheka, mama naye hucheka, lakini kicheko hicho huficha hasara. Hadithi, miiko na majina ya mababu ambayo nyanya angempa mjukuu wake mwenyewe hayana njia ya kumfikia ila kupitia kwa mkalimani.

Makala haya yanaeleza jinsi watoto wanavyoweza kulelewa kwa lugha zaidi ya moja nyumbani, vikwazo vinavyowakabili wazazi, na nafasi ya Kiswahili katika malezi hayo. Hoja kuu ni kwamba mtoto hajifunzi lugha kwa sababu wazazi wake wanaijua. Huijua pale anapoisikia mara kwa mara, akaihitaji, na akapewa fursa ya kuitumia.

Dhana Potofu kuhusu Wingilugha

Baadhi ya wazazi huacha lugha ya jamii yao kwa kuhofia kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto au kumchelewesha kusema. Hofu hii ina historia. Mnamo mwaka 1923, D. J. Saer alichapisha utafiti kuhusu watoto wa Wales uliodai kwamba watoto wa mashambani waliozungumza lugha mbili walikuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja katika majaribio ya akili. Tafiti nyingi za wakati huo hazikuzingatia ipasavyo tofauti za kimaisha baina ya makundi yaliyolinganishwa. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwachunguza watoto wa umri wa miaka kumi mjini Montreal, Kanada, wakizingatia hali ya kiuchumi ya familia zao. Matokeo yakawa kinyume: watoto wa lugha mbili waliwapiku wenzao katika majaribio mengi. Watafiti wa baadaye wametahadharisha dhidi ya kuzitia chumvi faida hizo, lakini dai kwamba wingilugha huidumaza akili ya mtoto halina mashiko tena.

Kuhusu msamiati, Barbara Pearson na wenzake (1993) walibainisha kwamba mtoto wa lugha mbili hapaswi kupimwa kwa lugha moja tu. Maneno yake katika kila lugha huenda yakawa machache kuliko ya mtoto wa lugha moja, lakini ya lugha zote mbili yakijumlishwa, pengo hilo hutoweka. François Grosjean naye alisisitiza mwaka 1989 kwamba mtu wa lugha mbili si watu wawili wa lugha mojamoja waliotiwa katika mwili mmoja. Kwa hivyo, mtoto anayechanganya ndimi hajachanganyikiwa. Anatumia hazina yote aliyo nayo, na anapokua hujifunza ni lugha ipi inayomfaa nani na wapi.

Mikakati ya Nyumbani

Mkakati unaotajwa sana ni ule wa mzazi mmoja, lugha moja. Kanuni hii huhusishwa na Mfaransa Maurice Grammont (1902). Mwanaisimu mwenzake, Jules Ronjat, aliyekuwa na mke Mjerumani, aliifuata katika malezi ya mwanawe Louis. Baba alimsemesha mtoto kwa Kifaransa na mama kwa Kijerumani. Ronjat alichapisha maelezo yake mwaka 1913 akionyesha kwamba mtoto alizimudu lugha zote mbili.

Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba Kifaransa na Kijerumani zilikuwa lugha zenye vitabu, shule na hadhi. Kikamba na Dholuo jijini Nairobi hazina nguvu kama hizo. Utafiti wa Annick De Houwer (2007) unatoa mwanga hapa. Mtafiti huyu alichunguza familia 1,899 katika eneo la Flanders, Ubelgiji, ambamo angalau mzazi mmoja alizungumza lugha isiyo ya wengi. Watoto wote waliizungumza lugha ya wengi, lakini si wote walioizungumza ile nyingine. Waliofaulu zaidi ni wale ambao wazazi wote wawili waliitumia lugha ya wachache nyumbani, na ambao mzazi mmoja tu, au hata mmoja hakuwapo, aliyetumia lugha ya wengi. Ilidhihirika pia kwamba mkakati wa mzazi mmoja, lugha moja si sharti la kufaulu wala hauhakikishi mafanikio.

Funzo kwa familia ya Kayole liko wazi. Iwapo baba anamsemesha mtoto kwa Dholuo lakini anahamia Kiswahili kila mama anapoingia sebuleni, Dholuo itabaki lugha ya dakika chache. Mama akijifunza kuielewa, hata asipoizungumza vizuri, baba hatalazimika kuiacha mezani. Vivyo hivyo baba kwa Kikamba. Wazazi walio tayari kuwa wanafunzi wa lugha za wenzao huipa kila lugha muda mrefu zaidi wa kuishi nyumbani.

Mazungumzo Yanayoijenga Lugha

Elizabeth Lanza (1997), aliyechunguza watoto wa Kinorwe na Kiingereza, alionyesha kwamba jibu la mzazi mtoto anapochanganya lugha lina uzito mkubwa. Alibainisha njia tano. Chukua mtoto anayemwambia baba yake msemaji wa Dholuo, "Nataka maji." Baba anaweza kujifanya hakuelewa na kuuliza, "Idwaro ang'o?" yaani, unataka nini? Anaweza kukisia, "Idwaro pi?" yaani, unataka maji? Anaweza kulirudia wazo la mtoto kwa Dholuo. Anaweza kumpa maji na mazungumzo yakaendelea. Au anaweza kuhamia Kiswahili yeye mwenyewe.

Njia za mwanzo humdai mtoto lugha ya baba. Zile za mwisho humfunza kwamba Kiswahili kinatosha. Si lazima mzazi awe mkali, kwani mtoto mwenye kiu hahitaji mtihani. Kukisia kwa upole kunatosha: mtoto husikia neno pi wakati hasa anapolihitaji, na kesho huenda akalitamka mwenyewe.

Aidha, lugha zinaweza kusaidiana. Mtoto anayejua kwamba Kikamba husema mũndũ kwa mmoja na andũ kwa wengi ameshauona mpango wa mtu na watu kabla ya kufundishwa ngeli darasani.

Nafasi ya Kiswahili

Wapenzi wa Kiswahili wanaweza kudhani kwamba lugha hii haina shida nyumbani kwa kuwa inasikika kila mahali. Hali ni tofauti katika nyumba nyingi za tabaka la kati. Humo mtoto husomewa hadithi, hupongezwa na kubembelezwa kwa Kiingereza. Kiswahili huelekezwa kwa yaya, kwa bawabu na kwa muuza mboga: lete, osha, funga mlango. Carol Myers-Scotton (1993), aliyetumia data ya Nairobi, alieleza kwamba kuchagua lugha ni kuashiria uhusiano baina ya wasemaji. Mtoto hausomi ujumbe huo kitabuni, huusikia jikoni. Anapofika darasani na kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, masikio yake yameshafundishwa kwamba ni lugha ya amri.

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia Ripoti ya Mackay ya 1981. Waliosoma wakati huo ndio wengi wa wazazi wa leo. Walikipasi Kiswahili katika mtihani, lakini baadhi yao hawakukileta nyumbani kama lugha ya ngano na mapenzi.

Sheng nayo hulaumiwa kupita kiasi. Mtoto ataipata kwa wenzake bila kufunzwa, na huo ni sehemu ya utambulisho wake. Tatizo huzuka pale inapokuwa ndiyo Kiswahili pekee anachokijua. Pwani, suala huchukua sura nyingine. Mtoto wa Mombasa anayesema ndia na ndaa kwa Kimvita hukosolewa na mwalimu anayetaka njia na njaa. Mwalimu anayemweleza kwamba ana lahaja ya nyumbani na usanifu wa shuleni humpa lugha mbili. Anayemwambia amekosea humnyang'anya moja.

Kwa upande wa sera, Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe kufundishia madarasa ya chini. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Taifa kukuza uanuwai wa lugha za Wakenya. Lakini Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kueleza mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kigĩkũyũ shuleni. Leo kibao hakivishwi mtoto shingoni katika kila shule, ila mzazi anayemkemea mwanawe kwa kusema Kikamba mbele ya wageni amekihamishia sebuleni.

Hitimisho

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Malezi ya wingilugha hayahitaji fedha nyingi wala utaalamu wa pekee. Yanahitaji uamuzi wa wazazi wawili kuhusu nani atasema nini, wakati gani, na kuushikilia uamuzi huo hata mtoto anapojibu kwa lugha nyingine. Yanahitaji pia simu za mara kwa mara kwa nyanya, hadithi za Kiswahili kabla ya kulala, na wimbo mmoja au miwili ya kila upande wa ukoo. Familia ambayo haiwezi kuzilinda lugha zote yafaa ichague kwa kujua, badala ya kuziachia barabara na shule zichague kwa niaba yake. Kiingereza kitamfikia mtoto kwa njia nyingi. Kikamba cha susu kina njia moja tu, na njia hiyo inazeeka kila mwaka.