Gramu 30 za Unga



Sokoni Bondo, kaunti ya Siaya, omena hupimwa kwa gorogoro mbele ya macho ya mnunuzi. Akiona kopo halikujaa, hudai. Bali pakiti ya unga ya kilo 2 hufungwa kiwandani, naye mama huinunua kwa kuyaamini maandishi yaliyo juu yake. Basi uzito ule ni amana.

Twatambua kuwa mashine haijazi sawasawa kila mara, na kwamba unga ukikauka hupungua uzito. Ndipo kanuni ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, ikastahimili upungufu wa gramu 30 katika pakiti moja moja ya kilo 2. Lakini wastani wa fungu zima usipungue kilo 2, wala uzito wa karatasi usihesabiwe. Kiwanda chenye uadilifu hupima pakiti kadhaa za kila fungu, na mashine ikipunguza hurekebishwa papo hapo.

Ama anayekusudia kupunja gramu hizo kila pakiti, katika pakiti 1,000 amekula kilo 30, yaani pakiti 15 za watu. Suratul-Mutaffifin imebeba jina la wapunjao.

Akina mama, pimeni pakiti kadhaa, msihukumu kwa moja. Mkithibitisha upungufu, mpelekeeni habari afisa wa mizani na vipimo wa kaunti. Na wafanyabiashara wetu twawausia: haki ya mja hulipwa, hapa au Akhera.

Wabillahi tawfiq.