Sufu ya kauri: bei ya jora na gharama ya kulibomoa

Matanuri mengi ya kisasa ya kuchomea kauri, ukifungua bati la nje, hayana tena ukuta mzito wa matofali ya moto. Yana sufu nyeupe, laini mkononi, iliyokunjwa na kushikiliwa kwa vyuma visivyoshika kutu, na upande wake wa pili unatazama joto la zaidi ya sentigredi 1,000. Sokoni inaitwa blanketi la seramiki. Ni nyuzi za alumina na silika, na ni miongoni mwa bidhaa za viwandani ambazo mnunuzi wa kwetu hulinganisha bei zake bila kuuliza maswali mawili yenye uzito kuliko bei.

Bidhaa hii ilianza Marekani miaka ya 1940, kampuni ya Babcock & Wilcox ilipoyeyusha udongo wa kaolini na kuugeuza nyuzi. Njia yenyewe haijabadilika sana. Malighafi huyeyushwa kwa umeme kwenye joto linalokaribia sentigredi 2,000, kisha uji huo hupulizwa kwa hewa kali au hurushwa na magurudumu yanayozunguka kwa kasi, ukagandia hewani ukiwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ndio uliowasukuma wenye viwanda kupiga hesabu upya, na sufu ikapata soko lake.

Hesabu hiyo inategemea uzito. Mita moja ya ujazo ya tofali zito la moto ina zaidi ya kilo 2,000. Ya blanketi la kawaida ina kilo 128. Tanuri la matofali likiwashwa, sehemu kubwa ya mafuta ya saa za mwanzo huishia kupasha ukuta kabla ya kupasha bidhaa, na likizimwa, joto hilo hupotea bure. Kwa anayewasha asubuhi na kuzima jioni, kubadili ukuta ni uamuzi unaojilipa. Kwa tanuri lisilozimwa kwa miezi faida ni ndogo zaidi. Tena kuna mahali ambapo sufu haifai kabisa. Ndani ya tanuri la saruji linalozunguka ingesuguliwa ikaisha, na ikigusana na kioo au chuma kilichoyeyuka ingeliwa. Huko matofali hayana mpinzani.

Afrika Mashariki inaihitaji zaidi kila kiwanda kipya kinapowashwa. Viwanda vya vigae vilivyojengwa Mkuranga, Chalinze na Kajiado katika muongo uliopita ni vya biashara ambayo haiendi bila matanuri marefu. Kwenye matanuri ya namna hiyo, vigae hupita juu ya roli zinazozunguka, na sufu ya kauri ndiyo kwa kawaida huziba matundu ya roli hizo. Ongeza matanuri ya maabara za kupimia dhahabu, milango ya boila na vichomea taka vya hospitali. Bidhaa yenyewe tunaiagiza. Wazalishaji wenye majina ni Morgan ya Uingereza, ambayo pia ina ubia India, Alkegen ya Marekani, iliyozaliwa mwaka 2021 Unifrax ilipoungana na Lydall, na Luyang ya mkoa wa Shandong, China. Kaolini tunayo, Pugu, jirani kabisa na Dar es Salaam, lakini udongo peke yake haujengi kiwanda cha aina hii. Umeme wa kuyeyushia ndio unaoamua. Naona ni busara zaidi kuanza na karakana za kukata blanketi na kuunda vipande vilivyokunjwa tayari kwa kufungwa, kazi inayohitaji ustadi kuliko mtaji.

Swali la kwanza la mnunuzi ni kama amepewa alicholipia. Jora la kawaida lina upana wa sentimita 61, urefu wa mita 7.3 na unene wa milimita 25. Likiwa limeandikwa 128, mizani lazima isome kilo 14 na ushei. Ikisoma chini ya kilo 11, hilo ni la 96, na kwenye joto kali blanketi jepesi hupitisha joto zaidi. Mizani ya dukani inatosha kulitambua hilo kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo. Namba 1,260 iliyo kwenye boksi, yaani sentigredi, nayo isomwe vizuri. Inatokana na kipimo cha saa 24 cha kuangalia blanketi linasinyaa kiasi gani, na siyo ruhusa ya kuliweka kwenye joto hilo mwaka mzima. Anayeichukulia hivyo ataona viungo vya ukuta vinaachana na bati la nje linababuka.

Swali la pili ni la mapafu ya watu. Nyuzi hizi ni nyembamba kiasi cha kuingia ndani kabisa ya mapafu, na hukaa humo muda mrefu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka mwaka 1988 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, hasa kutokana na majaribio ya wanyama. Kwa wafanyakazi wa viwanda vya Marekani waliofuatiliwa, ongezeko la wazi la saratani ya mapafu halijathibitika, ila mabaka kwenye utando wa mapafu yameonekana. Umoja wa Ulaya umezipanga daraja la 1B la visababishi vya saratani, na kikomo chake kazini ni nyuzi 0.3 kwa kila mililita ya hewa.

Hatari kubwa zaidi iko siku ya kubomoa. Sufu iliyokaa miaka kwenye moto mkali hubadilika, ikawa kavu na ya kuvunjikavunjika, na sehemu yake huwa kristobaliti, aina ya silika ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Kibarua anayeing'oa kwa mikono, kitambaa kikiwa kimefungwa puani, hana kinga yoyote. Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri ampe vifaa vya kinga, na kitambaa si kifaa cha kinga.

Mbadala upo. Tangu miaka ya 1990 kuna sufu za kalsiamu na magnesiamu, Superwool ya Morgan ikiwa mfano unaojulikana, ambazo nyuzi zake huyeyuka haraka zaidi mwilini na hazibebi daraja lile la Ulaya. Zinatosha kwa kazi nyingi za chini ya sentigredi 1,100, kama milango ya boila. Palipo na mvuke wa tindikali au joto la juu zaidi hazifai, na wakati wa kuzibomoa barakoa bado ni lazima.

Bodi za zabuni zina nafasi ya kuanza mwaka huu. Mkandarasi anayetoa bei ya kujenga ukuta wa tanuri atakiwe aandike kwenye karatasi hiyohiyo aina ya nyuzi, uzito wake, na bei ya kuubomoa utakapochakaa: maji ya kuulowanisha kabla ya kuugusa, barakoa zenye vichujio, mifuko ya kufunga taka na dampo lililoidhinishwa kuzipokea.