Mama, Usingizi Wako Ukoje?

Katika familia nyingi mama anayekoroma huchekwa tu. Watoto humwigiza asubuhi, baba hutania kwamba amelala jirani na mashine ya kusaga, na mama mwenyewe hucheka pamoja nao. Wako wanaosema kwamba kukoroma ni dalili ya mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Lakini mama huyohuyo huamka kichwa kikimwuma, mchana husinzia akichagua mchele, na kila akipimwa huambiwa presha imepanda ingawa vidonge anameza. Je, mambo hayo yana uhusiano? Mara nyingi yanao, na yafaa sisi akina mama tuufahamu.

Presha si ya mjini peke yake

Sisi tunaoishi Mzumbe, kando ya barabara itokayo Morogoro mjini kwenda Iringa, tumezoea kusema kwamba presha ni ugonjwa wa watu wa Dar es Salaam. Hesabu zinatukanusha. Kuanzia mwaka 1992 hadi 1995 watafiti waliandika vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wakati huo Mzumbe ilikuwa katika wilaya ya Morogoro Vijijini, kabla ya wilaya ya Mvomero kuundwa. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2000, yalionyesha kwamba Morogoro Vijijini wanawake 27 katika kila 100,000 wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikufa kwa kiharusi kila mwaka. Dar es Salaam walikuwa 88. Uingereza, mwaka 1993, hawakufika 9. Watafiti hao walitaja presha isiyotibiwa kuwa sababu kubwa inayodhaniwa.

Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka huohuo, uliofanywa Dar es Salaam na Hai, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye presha, hata mmoja katika watano hakuwa anajua kwamba anayo. Presha haipigi hodi. Ndiyo maana kila ishara yake ni ya thamani, hata ile inayosikika usiku.

Pumzi inapokatika

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu hulegea mno, ulimi ukarudi nyuma na njia ya hewa ikaziba. Kifua kinahangaika kuvuta, lakini hewa haiingii. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, na jambo hilo likijirudia mara 5 au zaidi katika saa moja, madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa wengine hutokea zaidi ya mara 30 kwa saa.

Kila mara hewa safi inapopungua katika damu, ubongo hushtuka. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni ileile inayotufanya tutetemeke tukikutana na nyoka shambani. Moyo hudunda, mishipa hujibana, presha hupanda, kisha mtu hukoroma kwa kishindo na kuendelea kulala. Asubuhi hakumbuki lolote. Katika usingizi wa kawaida presha hushuka ili moyo na mishipa vipumzike. Mama huyu hapumziki, na baada ya miezi na miaka presha hubaki juu hata mchana. Zaidi ya hayo, wengi wenye ugonjwa huu huwa na homoni nyingine, aldosteroni, kwa wingi. Hiyo huamuru figo zishike chumvi na maji, na presha huzidi kuwa ngumu kushuka.

Wako wanaoamka ghafla wakikabwa, wakadhani wamepatwa na jinamizi. Badala ya kuogopa kulala, tumweleze daktari.

Kwa nini baada ya hedhi kukoma?

Tukiwa bado tunapata hedhi, homoni zetu hutulinda kwa kiasi fulani. Projesteroni huhimiza upumuaji, na estrojeni husaidia mishipa ibaki laini. Hedhi inapokoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, ulinzi huo hupungua, na unene huanza kukaa shingoni na tumboni. Ndiyo maana mama ambaye hakuwahi kukoroma huanza kukoroma katika umri huo, na presha nayo hupanda.

Hata hivyo vijana wasijione salama. Mjamzito aliyeanza kukoroma amweleze mkunga, kwa kuwa presha ya ujauzito huweza kuleta kifafa cha mimba. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni apimwe presha mara kwa mara.

Tukumbuke pia kwamba si kila mwanamke mwenye ugonjwa huu hukoroma kwa nguvu. Wengi hulalamikia uchovu, kukosa usingizi, kichwa cha asubuhi au huzuni, na hupewa dawa za mambo hayo bila kuulizwa habari za usiku.

Tufanye nini?

Kwanza, tumwulize anayelala karibu nasi. Mume ni shahidi mzuri: je, pumzi hukatika kisha hurudi kwa kishindo? Afadhali aende naye kliniki akaeleze mwenyewe.

Pili, tulale ubavu badala ya chali. Wengine hushona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia na kutia mpira mdogo, hivyo wakigeuka chali huamka.

Tatu, tupunguze unene na chumvi, tutembee zaidi, tuepuke pombe. Vidonge vya usingizi tusinunue dukani bila ushauri wa daktari, kwani baadhi yake hulegeza koo zaidi.

Nne, tusiache dawa za presha. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Australia alieleza mashine inayosukuma hewa kupitia puani ili koo lisizibe, na hadi leo ndiyo tiba kuu kwa waliozidiwa. Ni ya gharama kubwa. Hata aliyeipata, presha yake kwa kawaida hushuka kidogo tu, hivyo vidonge bado vina kazi.

Si kila akoromaye ni mgonjwa. Lakini mama mwenye presha isiyoshuka, anayeamka amechoka kana kwamba hakulala, asiishie kuambiwa apunguze chumvi. Amwambie daktari waziwazi, “Usiku pumzi yangu hukatika.” Maneno hayo machache yanaweza kumwepusha na kiharusi, na watoto wakaendelea kuwa na mama yao.