"Mbwa Kali": Kosa la Sarufi, Kosa la Malezi

Mgeni apitaye katika mitaa ya Nairobi, Nakuru, Eldoret au Mombasa hakosi kuliona tangazo lililopakwa rangi katika malango ya nyumba nyingi: "Mbwa Kali". Walimu wa Kiswahili wamelilalamikia tangazo hili kwa miaka mingi, nao wana haki. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, yumo katika ngeli ya A-WA, na kwa hivyo ni mbwa mkali, kama tusemavyo simba mkali au mwalimu mkali. Kivumishi hicho bila ya kiambishi chake tunakipata katika dawa kali, pilipili kali na baridi kali, yaani mambo yasiyokuwa na nafsi.

Mimi naona kwamba kosa hili halikuishia katika sarufi. Aliyeliandika tangazo amesema kweli pasipo kukusudia, kwa maana ndani ya lango lile mbwa hutendewa kama kitu. Ameletwa nyumbani kama iletwavyo kufuli au seng'enge. Mchana hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba, jioni hutupiwa makombo, usiku hufunguliwa azunguke. Hakuna aliyemfunza lolote. Siku amrarukiapo mtoto wa jirani, sote hushangaa na kumlaumu mnyama, ilhali wa kulaumiwa ameketi sebuleni.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi huo una kipimo. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza kwa miaka mingi makuzi ya vilebu huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, na mwaka 1965 wakatoa kitabu juu ya uchunguzi huo. Walionyesha kwamba baina ya wiki ya 3 na ya 12 tangu kuzaliwa, kilebu hujifunza ni viumbe gani wa kuzoewa na ni wepi wa kuogopwa. Vilebu waliotengwa na watu hadi wiki ya 14 waliwaogopa watu, na ikawa vigumu mno kuwazoeza baadaye. Hapa pana siri ambayo wengi wetu hatuijui: ukali mwingi wa mbwa ni woga. Mbwa ambaye udogoni hakuona mtoto aliyevaa sare, mzee mwenye bakora, baiskeli wala mchuuzi wa mboga, ukubwani huwaona wote hao kuwa maadui.

Basi kilebu asitengwe na mama yake kabla ya wiki ya 8, kwa kuwa kwa mama na ndugu zake ndiko ajifunzako kuzuia meno. Akishafika nyumbani, aonyeshwe dunia kidogo kidogo: watu wa nyumbani, jirani, kuku, mbuzi, sauti ya redio na mlio wa pikipiki. Asisukumwe wala asitishwe. Aachwe atazame, anuse, kisha apewe kitu kitamu.

Kila mwalimu aliyepitia chuo cha ualimu amesoma habari za Mrusi Ivan Pavlov, aliyetuzwa Nobel mwaka 1904, na mbwa wake waliotokwa na mate kwa kusikia tu dalili ya chakula. Somo lile tuliliandika katika madaftari tukalijibia mtihani, lakini ni wachache waliolipeleka nyumbani. Mbwa huunganisha mambo yanayofuatana papo hapo. Ukimsifu na kumpa kipande cha ugali mara tu anapoketi, ataketi tena. Ukimwita mara tano, akaja mara ya sita, ukampiga kwa kuchelewa, yeye hajui kwamba amechelewa. Ajualo ni kwamba kuja kwako kuna maumivu. Kesho hatakuja kabisa.

Hali ni hiyo hiyo katika usafi. Kilebu hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Atolewe nje kila aamkapo, kila amalizapo kula na kila amalizapo kucheza, apelekwe mahali pale pale, na akijisaidia asifiwe hapo hapo. Kumkandamiza pua katika uchafu alioutenda saa moja iliyopita hakumfunzi usafi, kunamfunza kukuogopa. Akiuma vidole katika mchezo, mchezo ukome mara moja, apewe mfupa au kijiti atafune. Akikurukia kwa furaha, mpe mgongo mpaka miguu yake minne iwe chini, ndipo umsalimu. Aidha, watu wote wa nyumbani watumie neno moja kwa jambo moja. Baba akisema "keti", mama "kaa" na watoto "tulia", mnyama hana budi kuchanganyikiwa. Neno kwake ni sauti tu.

Najua kuna watakaosema kwamba mbwa wa Kiafrika haelewi ila fimbo. Nchi hii ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na hata hivyo mjadala juu yake haujakwisha katika vyumba vya walimu. Simlinganishi mwanafunzi na mbwa. Nalinganisha fimbo na fimbo. Fimbo huzima dalili na kuiacha sababu. Mbwa apigwaye kila angurumapo hujifunza kutonguruma, lakini hofu iliyomfanya angurume ingali moyoni. Siku hiyo huuma bila ya kuonya, na hapana mbwa wa hatari kuliko huyo.

Wengine watauliza: mbwa mpole atamzuiaje mwizi? Swali hili lina uzito, kwa maana wengi wetu hatufugi mbwa kwa mapambo. Lakini mbwa amjuaye mgeni na mwenyeji hubweka penye sababu, na wenye nyumba huamka. Mbwa abwekaye usiku kucha kwa kila jani lianguakalo hakuna tena amsikilizaye. Tuwatazame mbwa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambao hunusa pembe za ndovu zilizofichwa katika mizigo. Hawakufikia ustadi huo kwa mnyororo na njaa, bali kwa mafunzo ya kila siku na zawadi. Hata dini ya Kiislamu, ambayo wafuasi wake wengi hapa kwetu huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda. Mafunzo ndiyo yampayo mbwa cheo.

Jambo hili si la starehe ya wenye nafasi. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba miongoni mwa watu 10 waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra mno kupona. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Malezi mema hayachukui nafasi ya chanjo: kilebu achanjwe kuanzia umri wa miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Lakini mbwa aliyezoea kushikwa ndiye apelekekaye kwa daktari wa mifugo bila ya vita.

Walimu wanaweza kulifanya hili kuwa somo la nusu saa tu. Wanafunzi wafunzwe kutomsumbua mbwa alaye, alalaye au anyonyeshaye, kutomtupia mawe, na kutomkimbia mbwa wasiyemjua, bali kusimama kimya, mikono ikiwa chini, bila ya kumkazia macho. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo kama mkwaruzo.

Nao wanafunzi, ambao aghalabu ndio wamlishao mbwa wa nyumbani, wana kazi yao. Waanze jioni hii kwa neno moja, kipande kimoja cha ugali na dakika tano za subira. Tukishamlea mbwa kama kiumbe mwenye uhai, hata kiambishi chake katika lile tangazo la langoni hakitatupotea tena.