Hiyo "TIMI 3" Kwenye Karatasi ya Ruhusa

Mgonjwa wa Nyarugusu au Kahama aliyezibuliwa mshipa wa moyo kwa puto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, anaweza kurudi na karatasi iliyoandikwa "TIMI 3". Nyumbani wataigeuza juu chini, pengine wadhani ni namba ya wodi. Mimi nikiipokea karatasi hiyo, huanza kuangalia hapo; stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoachwa mshipani, baadaye.

Puto lenyewe halina ugumu kulielewa. Waya mwembamba hupitishwa kwenye tundu dogo la mkononi au pajani hadi moyoni, puto linajazwa palipobana, mshipa unapanuka. Andreas Grüntzig alifanya hivyo kwa mara ya kwanza Zurich, mwaka 1977. Ila mchimbaji aliyewahi kuvuta maji duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, anajua kwamba mpira unaweza kuwa wazi na maji yakachuruzika tu.

Kwa hiyo puto likishatolewa, daktari husukuma dawa ya rangi na kukodolea macho kioo. Rangi ikigota palepale, ni 0. Ikipenya isifike mwisho, ni 1. Ikifika kwa kujikokota, 2. Ikijaza mshipa na kuondoka kwa kasi ya kawaida, 3. TIMI ni jina la kundi la watafiti wa Marekani walioleta kipimo hiki miaka ya 1980.

Jicho nalo hudanganya. 2 ya daktari mmoja ni 3 ya mwenzake. Mwaka 1996 Michael Gibson na wenzake wakasema basi tuhesabu picha. Mtambo ukipiga picha 30 kwa sekunde, katika mshipa wa mbele rangi hufika nchani, pale unapochanua kama sharubu, kwenye picha ya 36 hivi. Mshipa wa kulia hutumia kama 20. Wa mbele ni mrefu, ndiyo maana hesabu yake hugawanywa kwa 1.7. Mtambo ukipiga 15 tu, ili kupunguza mionzi, asiyezidisha hesabu mara mbili atamsifia mgonjwa damu asiyokuwa nayo.

Linaloniudhi zaidi ni mshipa uliofunguka vizuri huku rangi imesimama. Vipande vya bonge la damu vimeteremka vikaziba vimishipa vidogo visivyoonekana kwenye picha, na nyama ya moyo iliyokosa damu imevimba ikavibana. Anayechelewa kutibiwa ndiye hupatwa zaidi, na kwa mtu wa Geita anayekwenda hospitali Mwanza, kuchelewa kulijumuisha foleni ya kivuko cha Busisi, hadi daraja lilipofunguliwa Juni 2025.

Kwa sababu hiyo, hata baada ya TIMI 3 tunarudia kipimo cha umeme wa moyo. Mstari uliopanda wakati wa shambulio usiposhuka walau nusu ndani ya saa moja na nusu, huenda damu haijafika nyamani. Omba nakala ya kipimo hicho uibane pamoja na karatasi ya ruhusa. Siku kifua kikibana tena, daktari wa Geita atakuwa na cha kulinganisha.