Dume la Kienyeji Lisihasiwe kwa Haraka

Kwa mkulima wa tumbaku wa Ipuli na vitongoji vya Tabora, kondoo wa kienyeji mwenye mkia wa mafuta ni akiba. Fedha za tumbaku huingia kwa msimu, lakini karo na maradhi havingojei masoko kufunguliwa. Kwa hiyo mwanachama anapoomba chama kimkopeshe dume la Dorper, huku akikusudia kuyahasi madume yake yote, katibu hana budi kulipima ombi hilo kwa makini.

Dorper alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn wa Uingereza na Persian mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Usomali. Hukua upesi na nyama yake ni nyingi. Sifa hizo ni za kweli, wala hakuna sababu ya kumbeza.

Ila yafaa kutazama yaliyotokea Kenya. Tangu miaka ya 1970 madume ya Dorper yalienea kwa wafugaji, na kondoo mwekundu wa Kimasai akapandishwa ovyo, pasipo mpango wa kuhifadhi mbegu halisi. Leo kondoo mwekundu asiyechanganyika ni adimu. Kundi mojawapo limetunzwa na watafiti huko Kapiti, Machakos. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kizazi cha kwanza cha chotara kina nusu ya damu ya kienyeji, cha pili robo, cha tatu sehemu moja ya nane. Hayo yote hutimia katika miaka michache.

Hasara ilionekana wazi Diani, pwani ya Kenya, kondoo hao wawili walipolinganishwa kati ya 1991 na 1996. Katika hali ile ya unyevunyevu, wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi kuliko wa Kimasai. Adui mkubwa alikuwa mnyoo anyonyaye damu katika tumbo la nne. Kondoo mwekundu humstahimili zaidi. Katika nchi kavu tofauti hiyo hupungua, na asidhani mtu kwamba kila kondoo wa mkia mnene ana kinga ileile. Lakini Tabora hupata mvua tangu Novemba hadi Aprili, na majani mabichi ndiyo njia ya mnyoo huyo.

Mfugaji afunue kope la chini la jicho. Likiwa jekundu, kondoo ana damu ya kutosha. Likiwa jeupe, au kidevu kikivimba maji, anyweshwe dawa mara moja. Wasinyweshwe wote kwa mkupuo, kwani minyoo huizoea dawa. Asubuhi kundi lingoje umande ukauke ndipo litoke zizini.

Anayetaka chotara na awapandishe baadhi ya majike tu, yaliyosalia yabaki na dume la kienyeji lililochaguliwa kwa afya na ukuaji, si lile lililokosa mnunuzi. Dume moja latosha majike 25. Kila baada ya miaka miwili wanachama wabadilishane madume, lisije likapanda binti zake. Katibu aandike daftarini dume limetoka kwa nani na limekwenda kwa nani. Na katika hati ya mkopo wa Dorper iandikwe bayana ni nani atakayebeba hasara iwapo dume litakufa kabla deni halijakatwa lote kwenye tumbaku.