Kamera Tumboni mwa Droni

Januari 2013, kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, iliingiza sokoni droni nyeupe ya mapanga manne iitwayo Phantom. Haikuwa na kamera. Iliuzwa pamoja na kishikizo kidogo cha kufungwa tumboni, kilichochongwa kuitosha kamera ya kampuni nyingine kabisa: GoPro ya Marekani, ambayo mwanzilishi wake, Nick Woodman, alianza kwa kuwafikiria wanaoteleza juu ya mawimbi, si warusha droni.

Sababu kubwa ya kuichagua GoPro ilikuwa uzito. GoPro HERO3 ilikuwa na gramu 74 hivi, sawa na mayai mawili madogo ya kuku wa kienyeji. Kwa droni iliyokaa hewani dakika 10 hadi 15 tu, kila gramu ilikuwa inakula betri.

Basi mtu hufunga kamera, hukaza skrubu mpaka mwisho, hurusha, hushusha, kisha hufungua video nyumbani. Anachokiona ni nguzo za umeme zinazokata kiuno na paa la jirani linalotikisika kama jeli. Kihisi cha kamera hizi hakioni kila kitu kwa mpigo. Husoma mstari baada ya mstari, kama msomaji wa gazeti. Mota zikiitetemesha kamera katikati ya usomaji, mistari ya chini hukuta dunia imeshasogea.

Tiba huanzia kwenye mapanga. Panga lenye upande mmoja mzito kuliko mwingine hutikisa droni nzima, hivyo mafundi hulipima juu ya kijiti laini, kisha hubandika kipande cha selotepu upande mwepesi. Baada ya hapo ndipo zinakuja gololi za mpira kati ya kamera na droni. Wengine walitumia sponji, hata vizibo vya masikio, na vilifanya kazi. Ile skrubu iliyokazwa mpaka mwisho? Ndiyo iliyokuwa ikiupitisha mtetemo wote.

Kuna pia Wi-Fi. Ya kamera hutumia gigahezi 2.4, mawimbi yale yale ya rimoti nyingi za droni, kwa hiyo huzimwa kabla ya kuruka.

Mwaka huohuo wa 2013 ilikuja gimbali ya Zenmuse H3-2D, ambayo mota zake ndogo huinyoosha kamera kila droni inapoinama. Wengi walidhani shida zimekwisha. Lakini gimbali hurekebisha kuinama. Mtetemo wa kasi wa panga bovu huipita.

GoPro nao waliamua kutengeneza droni yao, Karma, iliyoanza kuuzwa Oktoba 2016. Baada ya siku 16 waliziita zirudishwe zote, kama 2,500, kwa kuwa baadhi zilizimika angani. Chanzo kilikuwa kibanio cha betri. Kampuni iliyojipatia jina kwa kufunga kamera kwenye kila kitu iliangushwa na kibanio! Karma ilirudi sokoni 2017, na Januari 2018 GoPro wakatangaza kuachana na droni.

Warushaji wa droni za mbio hawakuiacha kamera ya GoPro. Huifunga kwenye kishikizo laini kilichochapwa kwa printa ya 3D, na waliotaka wepesi zaidi waliivua ganda, skrini na betri kwa bisibisi. Mwaka 2022 GoPro wenyewe walitoa HERO10 Black Bones, kamera ya gramu 54 isiyo na skrini wala betri, inayokula umeme wa droni iliyoibeba.